Fungu la Mihayo Kasanda

Maumivu ya Mihayo Kasanda yalikuwa na adabu. Mgeni akibisha hodi, yalimwacha kwanza amkaribishe, ampe kiti, amuulize habari za huko atokako. Ndipo yakarudi kumkaba kiunoni, upande wa kushoto, pale alipozoea kupakandamiza kwa ngumi. Ndivyo alivyopenda kuwaambia watu. Ukweli ni kwamba maumivu hayakuwa na adabu yoyote. Mwenye adabu alikuwa yeye.

Asubuhi hiyo aliamka kama alivyoamka kila siku tangu gamba la chuma la kazini limvunje mgongo. Alishika kamba aliyoifunga kwenye boriti juu ya kitanda, akajivuta taratibu, akaketi ukingoni, akasubiri chumba kiache kuzunguka. Uzi ukatetema shingoni mwake. Kila mwenye bima nchini alikuwa na uzi, mwembamba kuliko unywele, umelazwa chini ya ngozi ya kisogo, na sauti ya Mfuko wa Afya ilipita humo ikasikika kwa mwenyewe tu.

"Mwangaluka, Mzee Mihayo," sauti ilisema. Mfuko ulikuwa umejifunza kusalimia kila mkoa kwa lugha yake. "Unakumbushwa kwamba wewe ni mpokeaji wa mafao ya ulemavu ambaye hajafikia umri wa kustaafu. Ijumaa unatimiza miaka sitini. Kabla ya siku hiyo uwe umechagua: Bima ya Fungu au Bima ya Ganzi. Utakayoichagua ndiyo utakayoingia nayo katika bima ya wazee, na huko haibadilishwi. Usipochagua, Mfuko utakuchagulia."

"Utanichagulia nini?"

"Ganzi, Mzee."

"Kwa nini Ganzi?"

"Kwa sababu Ganzi haihitaji kumshirikisha mtu mwingine. Habari za mgongo leo?"

"Nzuri," alisema Mihayo, jasho likimtiririka puani.

Mkewe, Kalunde, alikuwa uani akipasha moto matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Alichungulia mlangoni na mwiko mkononi.

"Unasema na nani, Baba Milembe?"

"Na serikali."

"Umeiambia ukweli?"

"Nimeisalimia."

Kalunde alimtazama kidogo, akarudi mekoni.

Mihayo alikuwa mpakuzi wa makasha katika bandari kavu ya Tabora, mahali treni za kutoka pwani zinaposhusha mizigo ya Kigoma na Mwanza. Wapakuzi walivaa gamba, yaani mifupa ya chuma inayofungwa mgongoni, mapajani na mikononi, ili mtu mmoja anyanyue kilichokuwa kikinyanyuliwa na ishirini. Siku moja, akiwa ameinama na kasha mikononi, gamba lake lilijifunga na kukataa kunyooka. Mgongo wa chuma ulibaki mzima. Wa Mihayo ukapondeka katikati yake kama muwa kinuni. Madaktari waliunga walichoweza kuunga. Yaliyobaki waliyaita maumivu ya kudumu, wakamwandikia mafao ya ulemavu, naye akarudi nyumbani Isevya kufuga nyuki.

* * *

Ofisi ya Mfuko ilikuwa jirani na stesheni. Karani aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo, kanga amejifunga kiunoni juu ya sare. Mapazia ya chumba chake yalikuwa yameshushwa ingawa nje jua lilikuwa la kawaida tu. Alisoma jina hewani, pale mashine ilipoliandika kwa mwanga, akatabasamu.

"Kasanda. Mnyamwezi huyu, hata bila kuuliza."

"Ndiye. Na wewe je, mwanangu?"

"Mwanao wapi! Naitwa Sikudhani Pazi. Mzaramo wa Kisarawe."

Mihayo akausahau mgongo kwa dakika nzima. "Mzaramo! Watu wamekwisha nchi hii mpaka Mzaramo kapewa kazi? Ngoma huko kwenu imepasuka?"

"Ngoma haipasuki, mtani. Nimetumwa bara kuwatazama. Babu zenu walipofika pwani na mizigo vichwani, waliona bahari wakadhani anga limeanguka. Tukasema tuje tuone kama wajukuu wamepata akili."

"Walipata akili hapohapo, maana wenyeji wao walitaka kuwauzia yale maji."

Walicheka wote wawili. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulianza zamani za misafara, na hapakuwa na mashine iliyowahi kuufuta. Mtani hutukana asichukiwe. Hunyakua kitu cha mwenzake asiitwe mwizi. Na msibani ndiye anayefanya zile kazi ambazo machozi hayawaruhusu ndugu kuzifanya.

"Haya, keti nikuonjeshe Fungu," Sikudhani alisema, akijisugua juu ya nyusi ya kushoto kwa kidole gumba. "Nikueleze, au unaogopa kuelezwa na mwanamke wa pwani?"

"Eleza."

"Maumivu ni kengele. Mwili ukivunjika, kengele inalia kichwani. Zamani wataalamu walijaribu kuikata kabisa. Mtu hakuumwa, kweli, lakini mwili ukaisahau ile sehemu. Vidonda havikupona, miguu ikaoza mtu akicheka. Kwa hiyo kengele lazima ilie mahali, na lazima mtu aisikie. Uzi wako unaidaka kabla haijafika kichwani kwako, unaikata vipande, na kila kipande kinalia kwa mtu mwingine, polepole. Wao wakisikia, jibu linarudi mgongoni kwako, na mgongo unajua haujatupwa. Hao watu ndio fungu lako. Hutawajua kwa majina, nao hawatakujua."

"Na Ganzi?"

"Ganzi ni dawa. Inatoka kwenye uzi kidogo kidogo, na inaituliza kengele kwa kuutuliza mlio wote. Haichagui."

"Haichagui nini?"

Sikudhani aligusa mwanga uliokuwa mbele yake. "Tayari? Usishike meza."

Mihayo alishika meza. Kisha maumivu yakaondoka.

Yaliondoka kama mashine ya kusaga inapozimwa, ndipo mtaa mzima unapotambua kwamba ilikuwa ikinguruma. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia njiwa juu ya bati. Aliitazama kamba ya kiatu chake, ambayo kwa miaka Kalunde ndiye aliyeifunga, akainama. Akainama mpaka chini. Aliifungua, akaifunga tena, na akabaki palepale ameinama, maana hakutaka mwanamke wa Kizaramo amwone machozi.

"Vipi, mtani? Umedondosha pesa?"

Alikuwa na jibu ulimini. Lakini nyuma ya mlango wa pili akasikia mtu akiguna, kisha mwingine akivuta pumzi kwa meno. Mihayo alisimama, kusimama kwa kijana, akaufungua ule mlango kabla Sikudhani hajamzuia.

Ulikuwa ukumbi mdogo wenye mabenchi. Watu walikuwa wameketi kama watu wanaosubiri treni. Palikuwa na mama aliyekuwa akila karanga. Palikuwa na mwalimu na mfuko wake. Na kila mmoja wao, bila kujua mwenzake anafanya nini, alikuwa ameikaza ngumi ya mkono wa kushoto na kuikandamiza kiunoni.

Ngumi yake. Mahali pake.

"Wewe," Mihayo alimwambia aliyekuwa karibu, fundi cherehani mwenye futi shingoni, "unafanya nini na huo mkono?"

Fundi aliutazama mkono wake kwa mshangao. "Hata sijui, mzee. Kuna kitu kimenijia hapa. Kumbe mwenyewe ni wewe?"

"Kinauma?"

"Kinauma, nisikudanganye. Kama kokoto ndani ya kiatu. Nimekaa hapa tangu asubuhi kwa ajili ya wanaoonjeshwa, lakini hiki chako kina meno."

"Na unakubali kwa nini?"

"Mama yangu ana fungu huko Urambo. Watu nisiowajua wamemshika. Mimi nitamkatalia nani?"

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza kwa nini amefunga duka siku ya mazishi ya jirani. Lakini ngumi hakuiondoa.

Mihayo aligeuka. "Nirudishie."

"Mtani, bado hata—"

"Nirudishie, Bi Sikudhani!"

Maumivu yakarudi kama mwenye nyumba. Ukumbini ngumi zilishuka moja moja, na yule mama akaendelea na karanga zake. Mihayo aliushika mlango mpaka chumba kiliposimama.

"Andika Ganzi," alisema. "Mwenzangu Kasubi, tuliyevaa naye gamba, ana Ganzi mwaka wa tatu huu. Hajawahi kulalamika."

"Hajawahi," Sikudhani alikubali. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Ulimtembelea lini?"

Tangu Kasubi apewe Ganzi, Mihayo hakuwa amefika kwake. Safari za mbali mgongo haukuziruhusu. Hiyo ndiyo sababu aliyozoea kuitoa.

"Katembee, Mzee wangu. Ukirudi ukaniambia niandike Ganzi, nitaandika. Leo siandiki."

* * *

Bajaji isiyo na dereva iliwashusha, yeye na Kalunde, mbele ya nyumba ya Kasubi huko Ipuli. Kalunde alikuwa amebeba chupa ya asali. Mihayo na Kasubi walianza kufuga nyuki pamoja, na katika kuonja Kasubi alikuwa bingwa. Tone moja ulimini, naye angekutajia mti ambao nyuki walitua, na kama mvua ilichelewa.

Walimkuta barazani, amependeza, amenyolewa. Pembeni yake palikuwa na birika juu ya jiko la mkaa, na mkono wake ulikuwa umelala umegusana na birika. Mkewe, Nyanzala, alitoka ndani mbio, akauondoa ule mkono, akaupulizia. Ngozi ilikuwa imebabuka.

"Karibuni, shemeji," alisema kana kwamba hajafanya lolote. "Mwenzenu yupo, kama mnavyomwona."

"Kasubi, mzee wa mizinga!" Mihayo alimwita kwa sauti ya zamani ya kazini. "Nimekuletea ya mwaka huu. Onja, unihukumu."

Kasubi alitabasamu. Alionja. "Tamu."

"Ya mti gani?"

"Tamu tu."

Mihayo alimpa tone jingine. Kasubi akalipokea kwa tabasamu lilelile, akameza. "Tamu," alisema tena, kwa upole mwingi.

"Umesikia kwamba Magadula wa kreni ametutoka? Tumemzika Jumapili."

"Ah. Haya," alisema Kasubi, na tabasamu halikusogea hata kidogo. Kwa miaka kumi na tano Magadula alikuwa amekula naye sahani moja.

Baadaye Nyanzala aliwasindikiza njiani. Alitembea mikono ameikunja ndani ya kanga.

"Haumwi," alisema hatimaye. "Hilo siwezi kulikana, shemeji. Analala mpaka asubuhi. Lakini juzi mjukuu alijikwaa akapasuka paji la uso, damu inamwagika, analia 'babu, babu.' Babu yake alimtazama kama mtu anayetazama mvua."

"Alichagua mwenyewe?" Kalunde aliuliza.

"Nilimchagulia mimi. Alikuwa hajiwezi, alikuwa akilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. Nikasema bora anyamaze." Alisimama. "Sasa amenyamaza. Siku nyingine najilaumu. Siku nyingine nakikumbuka kile kilio, nasema hapana, Nyanzala, ulifanya ulichoweza. Msiniulize ningefanya nini leo, maana sijui."

Kalunde alimshika bega, wakasimama hivyo mpaka bajaji ikaanza kulia kuwaita.

* * *

Alhamisi mchana Mihayo aliketi uani, karibu na mizinga, akamwita mkewe.

"Nimeamua, Mama Milembe. Nitakwenda hospitali wautoe uzi."

Kalunde alikuwa akipepeta karanga. Ungo ulisimama. "Ukitolewa uzi huna bima."

"Najua."

"Na mafao yanakatika, maana yanapita humo humo."

"Nyuki watatulisha. Kasubi umemwona. Siwezi kuwa mtu wa kukutazama wewe kama mvua. Na wale watu wa ukumbini nao umesikia nilivyokueleza. Wana nini na mimi? Walilijua lile gamba? Mzigo huu ni wangu. Nitaubeba peke yangu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Kalunde aliweka ungo chini. Hakupaza sauti; hakuwa mwanamke wa kupaza sauti, na ndiyo maana Mihayo alianza kuogopa.

"Nani amekuambia kwamba uko peke yako? Unapojivuta na ile kamba alfajiri, unadhani mimi nimelala? Nimefumba macho ili usione aibu. Ukiwaambia watu 'nzuri, nzuri,' mimi ndiye ninayeyasikia meno yanavyosagana. Mimi sina mashine ya kunikatia kipande, Baba Milembe. Nimekuwa nikila zima. Umenigawia bila kuniuliza, halafu unaona haya kumgawia aliyekubali!"

Mihayo aliiondoa ngumi yake kiunoni.

Ndipo kuku wakapiga kelele nyuma ya nyumba, na kwenye kona akatokea Sikudhani Pazi, bila hodi, bila sare, jogoo mwekundu wa Mihayo akipapatika chini ya kwapa lake la kulia.

"Huyu nimemchukua," alisema. "Mnamlisha nini nyie Wanyamwezi? Mwepesi kama ahadi zenu."

"Mtani!" Mihayo alishtuka, na papo hapo akajikuta akicheka, maana hapakuwa na njia nyingine. Mtani akinyakua, hukasiriki; ukikasirika umevunja jambo kubwa kuliko jogoo. "Umefuata nini huku?"

"Nimefuata cha kuchukua. Jogoo ni cha njiani tu." Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Ofisini mimi ni karani, siruhusiwi kumsukuma mtu. Hapa ni mtani, na mtani hana ofisi. Kesho unatimiza sitini. Umechagua nini?"

"Kuutoa uzi."

"Nilijua. Mnyamwezi akikwama hujifanya gogo." Alimgeukia Kalunde. "Shikamoo, mama. Pole na huyu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa."

"Nikuulize, mtani. Babu zako, wale wapagazi, mwenzao akiugua njiani, mzigo wake walikuwa wanautupa porini?"

"Hapana. Uligawiwa. Kila mmoja alichukua kidogo."

"Na mgonjwa?"

"Alitembea mikono mitupu."

"Walimcheka?"

"Nani amcheke? Kesho angeweza kuwa mwingine."

"Kwa hiyo ujukuu wao umeuacha wapi?"

Mihayo aliigeukia mizinga. Nyuki walikuwa wakiingia na kutoka. Alipoanza kusema, alisema polepole, na hakumtazama yeyote.

"Alitembea mikono mitupu mpaka apone, Bi Sikudhani. Akipona alirudi kwenye mstari, akabeba chake, na cha mwingine akiugua. Mimi siponi. Mpagazi anayebebewa siku zote si mpagazi tena. Huyo amekuwa mzigo. Wale watu niliwaona. Yule fundi aliniambia kinauma. Mimi nimpe nini? Nikishaingia katika fungu lenu nitakuwa mlango wa kuingilia tu, wa kutokea hakuna."

Jogoo alitulia kwapani. Sikudhani alijisugua juu ya nyusi ya kushoto, akayafinya macho dhidi ya jua, na Mihayo akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akayakumbuka yale mapazia yaliyoshushwa ofisini.

"Mtani," alisema, "umemshika jogoo wangu."

"Nimemshika, simwachi."

"Vema. Lakini utani hauendi upande mmoja. Ukichukua changu, nami nachukua chako. Sheria yenu inamkataza mwenye mafao ya ulemavu kubeba kipande cha mwingine?"

Sikudhani alifikiri. "Haimkatazi. Mtu mzima yeyote mwenye uzi anaweza, akiomba mwenyewe." Sauti yake ilishuka. "Hakuna aliyewahi kuomba. Wala sisi hatuwaambii. Tukishaandika 'mpokeaji,' tunamwita anayefuata."

"Basi mimi naomba. Habari za kichwa?"

"Nzuri," alisema Sikudhani, haraka mno.

Kalunde aliangua kicheko mpaka akaupiga ungo teke, karanga zikamwagika. "Huyo naye ameisalimia serikali!"

Sikudhani alijaribu kukaza uso, ukamshinda. "Kipandauso," alikiri. "Tangu nikiwa msichana. Upande huu, kama mtu anabisha kwa nyundo. Kuna siku natapika chooni, natoka, namwita anayefuata."

"Na hukuwahi kukigawa?"

"Karani anayegawa maumivu ya mkoa mzima, mwenyewe aonekane anagawiwa? Watasema nini?"

"Watasema ni Mnyamwezi," alisema Mihayo.

Alishika ukingo wa kiti, akajisimamisha. Hakutaka kulifanya hili akiwa ameketi. Aligusa kisogo, uzi ukatetema.

"Nachagua Bima ya Fungu," alisema kwa sauti. "Na ninabeba."

"Mwasinza, Mzee Mihayo," Mfuko ulijibu, maana saa za asubuhi zilikuwa zimepita. "Chaguo limepokelewa. Kuhusu kubeba: wewe umeandikwa mpokeaji wa mafao ya ulemavu."

"Niandikeni hivyo hivyo. Nimesema ninabeba. Wa kwanza ni Sikudhani Pazi, akikubali."

Mfuko ulikwenda kwanza kumuuliza mwenyewe. Sikudhani alikuwa amekiinua kidole chake kisogoni. Midomo yake ilicheza bila sauti, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Imepokelewa," ulisema Mfuko.

Maumivu yakaondoka. Safari hii Mihayo hakuinama kufunga kiatu. Alimwazia yule fundi, au mwingine kama yeye, popote alipokuwa, mguu kwenye cherehani, kokoto lenye meno likimjia kiunoni ghafla. Akamwomba radhi kimoyomoyo, na hakuwa na hakika kama radhi hiyo ilitosha. Pengine haikutosha. Angeishi nayo, kama alivyoishi na mengine.

Alipoinua macho, Sikudhani alikuwa amesimama katikati ya ua, jogoo kwapani, na mkono wake wa kushoto umefanya ngumi na kuikandamiza kiunoni.

"Wewe nawe umo!" alisema Mihayo.

"Nilijiandika jana. Kipande cha kwanza, ukichagua Fungu, nilisema kiwe changu." Alikunja uso, akahema. "Lo! Na hiki ndicho ulichokuwa unakiita 'nzuri'?"

Kalunde alimsogezea kigoda, akampa konzi ya karanga. Mihayo alikuwa anataka kumjibu, na jibu lilikuwa zuri, lenye bahari ndani yake. Lakini kitu kikamgusa juu ya nyusi ya kushoto. Hakikuwa kikali. Kilikuwa kidogo, kigeni, kikigonga kwa mwendo wake wenyewe, kama mtu aliyetoka mbali na hana hakika kama nyumba ni hii.

Aliinua kidole gumba, akapasugua pale.

"Ndiyo nyie Wazaramo," alisema. "Hata maumivu yenu yanaingia bila hodi."

Kisha akafumba macho, akajinyoosha wima, kama anavyojinyoosha mtu anayewekewa mzigo begani.

"Karibu," alisema.